Wanasesere Walioliwa na Mbuzi

Bibi Vlasta alipoletwa kwenye makazi yetu ya wazee mwishoni mwa Agosti, alikuja na sanduku moja, redio moja na mdomo wake. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tangu kiharusi kimpate mwezi wa nne. Mdomo haukuguswa kabisa. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Thelathini na sita kati ya hiyo aliitumia kwenye stesheni ndogo ya reli nyuma ya mashamba ya mizabibu, kofia nyekundu kichwani, akiruhusu treni kupita au kuzizuia. Mtu aliyesimamisha treni kwa kuinua mkono hakubali kirahisi kukatiwa nyama kwenye sahani. Mimi ni mpishi hapa, naitwa Jitka, na nyama hiyo nilikuwa namkatia mimi. Najua alivyokuwa akinitazama.

Kila Alhamisi Radka, binti anayefundisha kazi za mikono, hupanga meza ndefu katika chumba cha kulia. Majani ya bustanini yalipoanza kuwa mekundu, wazee waliyabandika kwenye karatasi kwa gundi. Wengine waliokota kokwa za kastani, wakazichomeka njiti za kiberiti na kutengeneza wanyama. Vlasta alikaa dirishani na redio yake.

"Bibi Vlasta, karibu mezani," Radka alimwita. "Leo ni rahisi tu."

"Rahisi kwa nani, mwanangu? Mkasi wako unataka mkono wa kulia. Na hata ningekuwa nao, chekechea nilishamaliza zamani."

"Mwache huyo," akadakia Mzee Cyril, aliyekuwa muuza nyama mjini kwetu. "Kazoea kupeperusha bendera. Kazi ya vidole haiwezi."

"Na wewe hapo umetengeneza nini? Nguruwe?"

"Farasi!"

"Farasi gani wa miguu mitatu?"

"Wa nne umeanguka. Mikono inatetemeka, unaona mwenyewe, bado unauliza!"

Hapo ndipo nilipomsikia Vlasta akicheka kwa mara ya kwanza. Lakini mezani hakwenda.

Mwanzoni mwa Oktoba mkulima mmoja alituletea magunia mawili ya maganda ya mahindi, yale majani yanayofunika gunzi. Radka alitaka kuyageuza wanasesere kama walivyofanya bibi zetu. Alikunja ganda la kwanza, likapasuka. La pili, likapasuka. La tatu lilipopasuka, Vlasta akazima redio.

"Hujayaloweka! Yakiwa makavu hivyo utakunja nini? Jitka! Tuletee beseni la maji ya uvuguvugu."

Nilileta. Vlasta akavuta kiti, akaanza kuelekeza alivyomwona mama yake akifanya: chukua maganda sita laini, yafunge pamoja juu, yapindue yaangukie chini, kaza uzi shingoni upate kichwa, pitisha ganda lililosokotwa liwe mikono, funga kiuno. Kisha akataka kutengeneza wake. Alishika uzi kwa meno, akakaza kwa mkono wa kushoto, na kila Radka aliponyoosha kidole kumsaidia, alinguruma. Ilimchukua saa nzima na nusu. Mwanasesere alitoka na kichwa kilicholala begani.

"Huyu kasinzia kwenye treni," Cyril akasema.

"Basi atapitiliza stesheni. Shauri yake."

Kwa Alhamisi tatu meza ile ilitoa wanasesere thelathini na wawili. Cyril alitengeneza mmoja tu, kwa taabu sana, uzi ukimponyoka kila mara. Alimfunga kitambaa chekundu kichwani. "Anežka wangu," alituambia. Mkewe alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na hata alipokuwa dukani, kitambaa chekundu hakikumtoka kichwani.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya familia kututembelea. Ijumaa asubuhi Radka aliwapanga wanasesere kwenye kibanda cha mbao bustanini. Vlasta aliwaona dirishani, hakupenda walivyochanganywa. Baada ya chai akachukua fimbo, akatoka peke yake kwenda kuwapanga mstari mmoja kama abiria. Njia ya mkato inapita katikati ya zizi la mbuzi wetu wawili. Komeo la geti lile linataka mikono miwili: mmoja uinue geti, mwingine usukume chuma. Vlasta alilirudisha tu, likaonekana kama limefungwa.

Kabla ya chakula cha mchana tulisikia Radka akipiga kelele. Tulipofika, mbuzi mkubwa, Bětka, alikuwa amesimama juu ya benchi, sketi ya mwanasesere ikining'inia mdomoni. Alitutazama, akaendelea kutafuna. Wanasesere walikuwa wamebaki wanne, na hao hawakuwa na vichwa.

Chumba cha kulia kiliwaka. Huyu alimlaumu mtunza bustani, yule alimlaumu Radka. Vlasta akagonga sakafu kwa fimbo, mara mbili.

"Mwacheni mtunza bustani. Ni mimi. Geti nilishindwa kulifunga, nikaona aibu kumwita mtu."

Sikuwahi kumwona akiwa mdogo namna ile. Wenzake waliinamia supu, na Cyril hakugusa yake. Kiganjani alikuwa na kipande cha kitambaa chekundu, kimelowa mate ya mbuzi.

Vlasta alienda kukaa karibu naye.

"Cyril."

"Anežka alikuwa anaogopa mbuzi," Cyril akasema. "Maisha yake yote. Akiona mbuzi, anavuka barabara. Na sasa ona kilichompata."

Mabega ya Cyril yakaanza kutikisika, na mimi nilidhani analia. Machozi yalikuwepo kweli, ila alikuwa anacheka. "Angenisema mwezi mzima! Mume gani wewe, unaniacha naliwa!"

"Nisamehe. Nilipaswa kuita mtu."

"Ulipaswa. Lakini wewe si huwa huiti mtu?"

"Leo naita." Vlasta akasukuma bakuli la supu pembeni. "Jitka, beseni! Na wewe muuza nyama, weka kidole gumba hapa, kandamiza kwa nguvu."

Cyril akakandamiza. Tukagundua jambo ambalo hata yeye hakulijua: mkono wake ukikandamiza kitu kwa nguvu, hautetemeki. Alishikilia fundo kama koleo, na Vlasta akakaza uzi kwa mkono wa kushoto. Anežka wa pili alipatikana kwa dakika kumi.

Vlasta akamtazama yule mwanasesere, kisha akageuza kiti kuwakabili wengine, na sauti ya stesheni ikarudi.

"Nani ana mkono mmoja mzima? Njoo huku! Nani haoni vizuri lakini vidole vinafanya kazi? Kaa na mwenye macho! Radka, acha kulia, kata nyuzi!"

Waliketi wawili wawili. Bibi mmoja asiyeona vizuri alikunja, jirani yake akamwambia pa kukata. Walitukanana kwa furaha, maji yalimwagika mpaka mlangoni, na mimi sikupata meza ya kuandalia chakula cha jioni, kwa hiyo nilizungusha mikate iliyopakwa jemu ya zambarau kwa trei. Saa kumi na moja walihesabu: kumi na tisa.

Jumamosi wageni walikuja na keki, na divai changa ya msimu ambayo daktari wetu alijifanya haioni. Kibandani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa na Radka kwa maneno ya Vlasta: "Tulikuwa thelathini na wawili. Wengine waulizeni mbuzi." Watu walicheka, wakaenda kumtazama Bětka zizini kama mtu maarufu.

Binti yake Vlasta, Ivana, alikuwa amefika kutoka jiji la Brno. Alisimama nami mlangoni tukimtazama mama yake, ambaye sweta ilikuwa imemfunguka na upepo ulikuwa wa baridi. Vlasta alihangaika na kifungo kidogo, akaacha, akamgeukia Cyril.

"Nifungie hiki."

"Sema tafadhali."

"Nifungie, tafadhali, kabla sijakuita mbuzi."

Ivana alinishika mkono. "Mimi ananikatalia hata kumfungia viatu," alininong'oneza, "na huyu mzee ni nani?"

"Muuza nyama," nikamjibu, nikaenda kuongeza keki.

Sasa ni Novemba, majani yote yameanguka. Mkono wa Vlasta bado umelala, na daktari hatarajii zaidi. Lakini Alhamisi anafika mezani kabla ya Radka. Wiki hii wameanza mashada ya matawi ya misonobari kwa ajili ya Krismasi, na tangu asubuhi wanabishana: Cyril anataka utepe wa bluu, Vlasta anasema huo ni wa mazishi. Nimewaachia beseni la pili na nimefunga mlango wa jikoni, kwa sababu kelele zao zinanisahaulisha chumvi.