Sukari Niliyomfungia Baba

Daktari alitaka kilo hamsini. Chini ya hapo, alisema, hatampasua baba, kwa sababu mwili hautahimili. Siku hiyo ya kwanza, pale hospitalini Same, mshale wa mizani ulisimama kwenye hamsini na mbili. Nikajisemea, tuna nafasi.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole kuliko mimi. Alitueleza kwamba seli za saratani iliyo tumboni mwa baba hazikai kimya. Zinaziomba seli jirani sukari na mishipa ya damu, na jirani wanatii. Zinatuma ujumbe mwingine kwenye damu mpaka kwenye misuli na mafuta, navyo vinaanza kujimega ili kuzilisha. Ndiyo maana mtu anakonda. Alieleza mengi, lakini mimi kichwani niliondoka na neno moja tu: sukari.

Jamani, mimi nikikasirika sisikilizi mtu. Nilirudi nyumbani kwetu mlimani nikafungia sukari kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye khanga. Ndizi sikununua tena. Uji nikaukata, makande pia. Baba akapewa mboga ya mnavu ya kuchemsha na maji ya moto, asubuhi, mchana na jioni.

"Mama, hata kijiko kimoja cha uji?" aliniuliza siku moja. Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo.

"Unataka kumlisha huyo mdudu? Hapana!"

Akanywa maji yake ya moto. Nilijiona shujaa.

Wiki tatu baadaye mshale ulisimama kwenye arobaini na saba.

"Mzee wangu, unakula nini?" daktari aliuliza.

"Mwanangu ananipikia vizuri sana. Ni mimi tu, chakula hakipandi."

Alisema uongo huo akiwa amenikazia macho, ninyamaze. Nikashindwa. Nilifungua mdomo nikasema yote, mnavu, kabati, ufunguo, huku nalia kama mtoto.

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Dada, zile seli hazingoji sahani," alisema. "Ukimnyima yeye, zinaagiza misuli iziletee chakula. Aliyeshinda na njaa ni baba peke yake." Akatupa wiki mbili. Baada ya hapo, alisema, uvimbe huenda ukawa umesogea mno.

Tulikaa kwenye benchi nje kungoja usafiri. Nilimwomba baba msamaha, akacheka mpaka akakohoa.

Baba ndiye aliyekuwa mfunguaji wa ndiva yetu, lile bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Maji hushuka mferejini, shamba kwa shamba, na wa chini hupaza sauti kwa wa juu yake mpaka habari imfikie mfunguaji. Mwaka mmoja, alinisimulia, mtu wa shamba la kwanza alikuwa akipaza sauti kwamba hajapata maji, na huku amekwisha kunywesha mahindi yake.

"Nikafunga ndiva wiki nzima, nimkomoe. Unajua nani alivuna? Yeye. Tope la mferejini lilimtosha. Wa chini wote walikaukiwa, na mama yako alikuwa wa chini." Akanigusa goti. "Hasira hii umeichukua kwangu, mama. Hukuiokota barabarani."

Wiki mbili hizo nilipika kama nina harusi. Uji wa maziwa na karanga kila baada ya saa mbili, vijiko vitano, akipumzika vijiko vitano tena. Akitapika, nilipangusa nikaanza upya. Usingizi wangu ulikuwa wa kuku.

Siku ya mizani, baba alipanda taratibu. Mimi nilisimama nyuma yake, mkono wangu begani mwake, kama namshikilia asianguke. Mshale ukagusa hamsini. Daktari akainua kalamu.

Baba akaushika mkono wangu, akautoa begani.

"Acha, mama. Usipaze sauti ya uongo."

Mshale ukarudi arobaini na tisa. Nilitamani ardhi inimeze. Daktari aliutazama muda mrefu, akanitazama mimi, akaandika arobaini na tisa.

"Amepanda kilo mbili," alisema. "Kwa hizo mbili, nawaongezea siku saba. Zaidi ya hapo siwezi kuongeza hata moja."

Baba aliteremka, akavaa viatu vyake bila haraka, akanyoosha mkono nimshike.

"Haya," alisema, "twende nyumbani ukaifungue tena ndiva yako."