Kipini cha Sadiya

Uvimbe ulianza kama punje ya mtama, chini ya pua, upande wa kushoto, palepale penye kipini. Miaka minne baadaye ulikuwa umeinua tundu la pua na kuufuta mkunjo wa shavu, na Sadiya hakuwa na raha tena. Alisuka vikapu vyake hapo Koboko, karibu na mpaka wa Sudani, akiinuka kila dakika: kujigusa, kuchungulia barabara, kukaa, kuinuka tena.

"Toa hii kipini," dada yake Medina alimwambia kila siku. "Iko naozesha wewe pua!"

Medina ana ulimi mkali, lakini alijua ugumu uko wapi. Kipini alikitia Fadhul, mume wa Sadiya, kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1979, serikali waliyoitumikia ilipoangushwa, Fadhul akavuka kwenda Sudani na wanajeshi wenzake, na tangu hapo hapana barua wala salamu. Kwao mwanamke huvua kipini akikaa eda. Sadiya akikivua, mtaa mzima utakuja kumpa pole. Wenzake Fadhul waliporudi, walisema tu kwamba hawakumwona. Hawakumwona! Jibu gani hilo la kumpa mtu?

Mwaka 1988 tundu la kushoto likaziba kabisa. Yeye na Medina wakapanda lori hadi hospitali ya Arua, Sadiya ameshika pua njia nzima.

Daktari Onzima alimwinua mdomo wa juu, akabonyeza taratibu.

"Iko mfuko ya maji tu, mama. Haipatikani sana, mimi nimeona mbili tu. Nitapasua hapa ndani ya mdomo. Nje hakuna kovu."

"Na kipini?"

"Hii haina kosa. Wacha ikae."

Sadiya akainuka kwa hasira.

"Daktari, sema itoke!"

"Kwa nini?"

Sadiya akajifunika uso kwa leso.

Siku tisa baada ya kupasuliwa, uso ulikuwa umenyooka, na kipini kimelala vizuri kama siku ya harusi. Medina akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Sadiya akajitazama kwenye kioo, akaangua kilio. Miaka tisa alimngoja Fadhul, na minne ya mwisho aliungoja ugonjwa umvulie kile ambacho yeye alishindwa kukivua.

Akakivua mwenyewe, akakifunga kwenye pindo la leso.

"Medina, nyamaza," alisema. "Tafutia mimi nguo nyeupe. Naanza eda leo."