Mama Amekataa Gari Nililomnunulia, Anaamini Nimeiba

Admin, ficha jina langu ila maneno yangu usipunguze hata moja, maana nimejaa hadi hapa kooni. Mimi ni mama wa miaka 39, nimeolewa Mbeya, naishi mtaa wa Soweto hapa hapa mjini, nauza vitenge. Kwetu ni Kilolo, na mimi ndiye dada mkubwa wa wadogo watatu.

Mama yetu miguu inamvimba, kila mwezi anashuka Iringa mjini kliniki, na barabara ile mvua ikinyesha mnaijua. Mwaka jana tukachanga sisi wanne tumnunulie kagari kadogo, jirani yake awe anamwendesha. Wakasema dada yuko Mbeya, magari yapo, anunue yeye. Nikanunua kwa milioni kumi na nne, kadi ina jina la Mama, risiti nikazituma kwenye group la familia. Hakuna aliyeguna.

Shida ilianza na mdogo wetu wa mwisho, nimwite Beni. Huyu kwa kujifanya mjuaji hajambo. Alikwenda Tunduma kwenye biashara zake, akavuka ng'ambo Zambia, akapiga picha gari kama lile lile, rangi tu tofauti. Bei ilikuwa ya kwacha. Akaigeuza shilingi kwa rate ya kwenye simu, ikaja milioni nane. Akatupia kwenye group: "Dada, milioni sita zetu ziko wapi?"

Nilimweleza kwamba la ng'ambo halijalipiwa ushuru wa kuingia kwetu, na hili langu lilishalipiwa. Nikamwambia hata wabadilisha hela wa mpakani wana rate yao, si hiyo ya simu. Akajibu eti nina maneno mengi kwa sababu nimejenga fensi kwa mume wangu. Fensi! Mume wangu kaijenga kwa mkopo wa kazini kwake na wote wanajua. Wale wengine wawili wakakaa kimya, na kimya chao kiliniuma kuliko matusi ya Beni.

Nikafunga safari hadi Kilolo. Nilimkuta Mama anachambua maharage, nikamsalimia kwa Kihehe chetu, kamwene, akaitikia bila kuniangalia. Nikaeleza yote. Mama mambo ya ushuru hayajui, anajua kutoa tu, kumi na nne toa nane. Akasema taratibu, "Mwanangu, lipeleke kwako hilo gari. Mimi sipandi kitu ulichowaibia wadogo zako." Tangu siku hiyo kliniki anakwenda kwa bodaboda, na miguu ile. Gari sikulichukua, limefunikwa turubai uani kwake.

Sasa sikieni. Wiki iliyopita Beni kanipigia, mpole huyo, hadi nikashtuka. Kumbe alimshawishi Mama auze shamba la miti ya mbao, miti aliyoipanda na marehemu baba, ili amletee gari la ng'ambo la bei halali. Siku ya kununua, kwacha ilikuwa imepanda, akabadilisha kwa hasara. Kufika mpakani kaambiwa ushuru, na kwa kuwa gari lenyewe ni la zamani, kaongezewa na tozo ya uchakavu. Hela hana. Gari limekaa yadi Tunduma na kila siku linadaiwa maegesho. Mama anadanganywa kwamba zinasubiriwa namba za gari tu.

Akaniomba nilipie mimi, atanirudishia. Nikamuuliza Mama atamwambia nini. Akasema, "Dada, Mama asijue. Presha yake unaijua." Nikamwambia basi andika tu kwenye group kwamba sikuiba. Akasema hilo tuliache lipoe kwanza. Nikamkatia simu.

Hela ninayo, ni mtaji wa vitenge. Nikilipa, Mama atapanda gari la Beni huku akimshukuru Mungu kwa mtoto mwaminifu, na mimi nitabaki mwizi kwa hela yangu mwenyewe. Nikisema ukweli nitasafishika, ila Mama atajua siku hiyo hiyo kwamba miti yake imekwenda bure, na kwamba mimi aliyeniita mwizi ndiye niliyekuwa nasema kweli. Naogopa presha itamwangusha, na hapo nitaitwa muuaji.

Jumatatu ana kliniki, na bodaboda ameshaiagiza. Nishaurini, nilipe au niseme?