Mpiga kinanda anayeitafuta sauti yake ya zamani ndani ya tableti

Saa tisa alasiri, ukumbi wa hoteli ungali mtupu. Viti vimepinduliwa juu ya meza na sakafu haijakauka deki. Mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anabonyeza kitufe kimoja cheupe cha kinanda, anachomeka pembeni yake kipande cha boksi kilichokunjwa ili kisirudi juu, kisha anainuka na kukiacha kinanda kikilia peke yake.

Anatembea taratibu mpaka mlango wa nyuma. Anageuka, anainamisha kichwa, anafumba macho. Sauti nene imejaa ukumbini, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

“Mama Kinanda!” mpishi anapaza sauti kutoka jikoni. “Huo ni muziki au jenereta?”

“Kaanga vitunguu vyako,” anajibu bila kufumbua macho. “Ukiviunguza usinisingizie mimi.”

Anarudi, anachomoa kile kipande cha boksi, anagusa kioo cha tableti iliyounganishwa na kinanda kwa waya, anafungua programu nyingine. Anachomeka tena. Anakwenda tena mlangoni.

Ndivyo anavyoshinda wiki hii, mama huyu aliyepita miaka sitini, ambaye hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Kinanda. Kazi yake ni kupiga muziki jioni, watu wakila. Analipwa kwa jioni aliyopiga, asipopiga, hakuna. Kipato hicho kinamlipia chumba, na salio linamtosha kula kwa kujibana.

Alianza akiwa msichana, kwenye bendi ya watu watano. Kinanda chao kilikuwa cha analogi, cha umeme wa zamani kabla ya kompyuta, kizito cha kubebwa na wanaume wawili, kimejaa swichi za kuzungusha kutoka upande huu hadi ule.

“Kile hakikuwa na kumbukumbu,” anasema. “Ukikizima, sauti imekwenda. Kesho unaitafuta upya kwa mkono, kama mtu anayewasha moto kila asubuhi.”

Na kuitafuta hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Kwenye bendi yao, anayepiga hakuruhusiwa kuamua sauti. Aliyeamua ni mumewe, mpiga gitaa la besi, aliyekwenda kusimama mlangoni kabisa, mahali anaposimama mgeni anapoingia.

“Mpigaji yuko karibu mno, anasikia vidole vyake tu. Basi mume wangu anapiga kelele kule: ongeza! Punguza! Hapo hapo! Ukigusa tena nakuacha!” Anacheka. “Nami naigusa makusudi.”

Kicheko kinakatika. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kanga, anaivaa tena.

Mume alitangulia mbele ya haki, na wenzao wawili wakamfuata. Aliyebaki ni mpiga ngoma, mdogo wa marehemu, ambaye wote humwita Vijiti. Anaishi mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi, na mguu wake mbovu haumruhusu kutoka.

Kinanda cha bendi, alichokuwa akipigia hapa hotelini, nacho kikaondoka. Mvua za mwaka huu zilikikuta kimechoka; jioni moja kikatoa moshi katikati ya wimbo. Fundi alikifungua, akapuliza vumbi, akakifunga.

“Mama, vipuri vya hiki havitengenezwi tena,” alimwambia. “Hata ukinipigia magoti.”

Ndipo binti yake, anayefanya kazi nje ya nchi, akamtumia tableti pamoja na kinanda chepesi kisicho na sauti yake chenyewe. Akampigia simu: “Mama, humo ndani mna vinanda vyote vya zamani. Chagua tu.”

“Chagua tu,” Mama Kinanda anarudia, akitikisa kichwa. “Neno jepesi hilo, kwa mwenye kulisema.”

Jioni ya kwanza ilimtia aibu. Vinanda vya analogi vikiwa baridi huwa haviko sawa; sauti inapanda na kushuka mpaka mashine ipate moto. Kwa hiyo miaka yote alikuwa akikiwasha chake mapema. Na tableti akaifanyia vivyo hivyo: akaifungua mchana, kioo kiking'aa kwa nguvu zote, akaiacha ipate moto.

“Ikapata kweli,” anasema. “Wimbo wa pili, kioo kikawa cheusi. Chaji imekwisha. Ukumbi umejaa watu, mimi nabonyeza, kimya.”

Wahudumu walicheka, si kwa ubaya. Naye angecheka, anasema, kama angekuwepo mmoja wa kumtazama usoni akaelewa kwa nini alifanya vile.

Meneja hakucheka. Alimwita pembeni. “Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini Jumamosi tuna sherehe ya kampuni. Ikizima tena, au wageni wakilalamika, naweka muziki wa kurekodi. Spika haichoki.”

Tangu siku hiyo hana raha. Si riziki peke yake inayomkosesha usingizi. “Nyumbani nazungumza na Mungu, hapa nazungumza na kinanda,” anasema. “Nikifungiwa mlango hapa, Mungu atachoka na mimi.”

Programu alizozijaribu ni tatu. Ya kwanza ina sauti zilizo tayari, maelfu. Anaifananisha na mtumba uliomwagwa chini: nguo tele, ya kumkaa hakuna.

Ya pili ilimliza. Ilipofunguka, kwenye kioo kulikuwa na picha ya kinanda kilekile, mbao zake za pembeni, swichi zake kwa mpangilio uleule. Alikuwa ameshasema moyoni, ni hii. Kisha akachomeka boksi lake, akaenda mlangoni.

“Imefanana nacho kila kitu, ila haipumui,” anasema. “Imenyooka tu. Nilikuwa nimechagua kwa macho.”

Ya tatu haivutii hata kidogo, ya kijivu, kama fomu ya benki. Lakini ina mahali pa kuzipishanisha sauti mbili kidogo, zisilingane sawasawa, na pa kuziacha ziyumbe polepole kama mashine inayopata moto. Hiyo ndiyo anayohangaika nayo sasa, kinanda hadi mlango, mlango hadi kinanda. Anasogeza kidogo, anakwenda kusikiliza, anarudi hana hakika.

Alhamisi alimpigia Vijiti, akaiweka simu mbele ya spika.

“Shemeji, simu inameza besi yote. Nasikia mbu tu.”

“Niambie basi, niongeze au nipunguze?”

“Nitakuambiaje nisichokisikia? Wewe si una masikio?”

“Masikio ninayo, shemeji. Wa mlangoni ndiye sina.”

Kisha Vijiti akasema, “Kaka angesema punguza.”

“Baada ya kusema ongeza.”

“Na akukasirikie wewe!”

Wakacheka wote wawili, mpaka salio likaisha.

Jumamosi anaichomeka tableti kwenye umeme tangu mwanzo hadi mwisho, na waya ameugandisha sakafuni kwa utepe wa gundi. Anapiga kwa ile programu ya kijivu. Sauti inatoka nene, inayumba kidogo, inatulia. Wageni wanakula, wanapiga soga, wanapigana picha. Hakuna anayegeuza shingo. Hakuna anayelalamika.

Meneja anapita na kumgusa bega. “Umeona, Mama? Endelea hivyohivyo. Wiki ijayo kama kawaida.”

Anashukuru kwa kichwa. Kati ya wimbo na wimbo anainua macho kuelekea mlangoni. Mhudumu anaingia na sinia, mwingine anatoka.

Kazi yake imebaki, na tofauti na kinanda cha zamani, tableti imeitunza sauti ile. Kesho ataikuta ilipo. Watu wakishaondoka, anafunga kinanda kwenye begi na kueleza anachokisubiri. Vijiti amemwahidi kwamba daktari akimruhusu tu, atapanda basi.

“Anasema hana haja hata ya kukaa kwanza,” anasema, akifunga zipu. “Atasimama pale mlangoni aniambie nimekosea. Namwomba Mungu amlete aniambie hivyo. Majibu ya kumpa ninayo, yote.”