Kakao ya Pilipili

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nasomea upishi katika shule ya misheni Thika. Muhula ulipofungwa mwezi wa saba, mwalimu wetu alinipa kopo la kakao niende nalo nyumbani Gitothua. Nadhani alifurahia keki yangu.

Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita cucu, alikuwa mchuma kahawa katika shamba la mzungu karibu na Ruiru. Alifungua kopo, akanusa, akaramba kidogo kwenye kidole.

"Hii ni kahawa imeharibika," akasema.

"Hapana, cucu. Ni mbegu za tunda fulani. Linaota kwenye shina lenyewe la mti. Mbegu zinavundikwa, zinaanikwa, zinakaangwa, halafu zinasagwa."

"Kazi ni ileile, basi." Akavuta kigoda. "Nani alianza kuinywa?"

Nikamweleza tulivyofundishwa: watu wa Amerika waliinywa zamani sana, chungu vilevile, wakatia pilipili na kuimimina kutoka juu mpaka itoe povu. Wahispania wakaipeleka Ulaya, huko ikatiwa sukari. Ilichukua muda mrefu kabla ya watu kujua kuigandisha iwe chokoleti ya kutafuna. Na siku hizi, nikasema, nyingi inalimwa na Waafrika wenzetu kule Gold Coast, Afrika Magharibi.

"Na wao huionja?"

"Sijui, cucu."

"Mimi nachuma kahawa tangu mama yako ni msichana, na sijakaribishwa hata kikombe." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Leta pilipili. Leo tutakunywa kama wenyewe."

Alisaga pilipili, akachemsha maji, akamimina kakao kutoka sufuria hadi kwenye kibuyu, mkono juu kabisa, mpaka povu likajaa. Nilipomeza, koo liliwaka na machozi yakanitoka. Cucu alimaliza yake polepole, akapangusa midomo.

"Hawa watu walikuwa na akili," akasema. "Shida yao ni moja tu, hawakuwa na ng'ombe."

Ya pili tukaipika kwa maziwa na sukari, pilipili akaipunguza lakini hakuiacha. Ilikuwa tamu ajabu, na kwa baridi ile ya Julai ilipasha mwili mpaka vidoleni. Harufu iliwavuta majirani, wachumaji wenzake, wakaja na vikombe vyao. Cucu akawamiminia huku akiwasimulia habari za Amerika na Wahispania kama mtu aliyekuwepo. Mimi nilikaa kando ya moto nikimsikiliza. Alisimulia vizuri kuliko mwalimu wangu.

Kopo liliisha kabla ya Jumapili.