Siku Baba Alipokwenda Kumsalimia Kulungu wa Malkia

Enzi zetu sisi tuliokulia Tottenham, theluji ilikuwa theluji. Siyo huu unga wa siku hizi unaoyeyuka kabla hujaipata soksi ya pili. Ilianguka ikafunika magari, mabasi yakasusa, shule ikafungwa, nasi tukateleza kwenye mteremko wa nyuma ya magorofa tukiwa tumekalia sinia la Mama la kupepetea mchele, mpaka akagundua limechukua umbo la makalio yetu. Tukirudi, vidole havina habari, nyumba nzima inanukia sombe, kile kisamvu cha kwetu, na samaki wakavu. Watoto wa leo ukiwaambia shule imefungwa, wanauliza kama intaneti nayo imefungwa.

Mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka tisa, Baba aliamka asubuhi ya theluji akafungua dirisha na kunusa hewa kama anayeonja mchuzi. Kule Kivu alikuwa mwindaji, kabla vita havijamgeuza msafisha maofisi wa London. Tulikuwa tukisubiri barua kutoka Croydon, kwa watu wa uhamiaji, ituambie kama tunabaki au tunarudishwa, na kwa miezi mingi Baba alikuwa hacheki. Asubuhi ile alicheka.

"Leo nyama hana pa kujificha," alisema. "Kila anayekanyaga anaandika jina lake."

Mama akaweka mwiko chini. "Ukiua kulungu wa Malkia, Croydon hawatatuandikia barua. Watakuja wenyewe."

"Naenda kumusalimia tu."

"Basi msalimie mikono mitupu." Akampekua mifuko, akatoa kisu cha kumenyea viazi. Mpaka leo sijui ile ilikuwa salamu gani.

Tukapanda treni, mimi na yeye, hadi msitu wa Epping. Alivaa kofia ya waridi aliyofumiwa na mama mmoja wa kanisani, na viatu vya kazini vilivyoingiza maji kama mtumbwi mbovu. Lakini alipoingia msituni akawa mtu mwingine. Aliinama juu ya alama ndogo za kwato zilizopasuka katikati, akazigusa kwa kidole. Huko kwao theluji ilikuwa juu ya milima tu, ya kutazama kwa mbali, lakini baridi aliijua.

"Jana alikula sana, alisikia baridi inakuja," alinong'ona. "Leo hatembei ovyo, anachunga nguvu zake. Atakaa upande wenye jua, pasipo upepo. Mchana kukipata joto kidogo, njo atatoka kula. Sasa funga kinywa."

Ndipo akatokea mlinzi wa msitu, mzungu mwenye ndevu zilizoganda, akauliza tunatafuta nini. Baba hakujua Kiingereza cha maana, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa familia, kuanzia kwa daktari hadi kwa mwenye nyumba.

Baba akanyoosha mgongo. "Mwambie mimi ni mwindaji tangu utoto wangu, na nyama wake amelala nyuma ya kilima kile."

Nikaiona Croydon yote mbele yangu, na ndege ikitungoja. Nikatafsiri: "Baba anasema habari za asubuhi."

Mlinzi akastaajabia urefu wa salamu zetu. Akasema turudi nyumbani, baridi kali, na kulungu wenyewe hajawaona tangu kupambazuke. Hilo nilimtafsiria Baba kama lilivyo. Akacheka, akampungia mkono yule bwana amfuate, kama vile msitu ni wake.

Tulizunguka kilima upepo ukitupiga usoni, ili harufu yetu isitutangulie. Upande wa jua, chini ya vichaka vyenye majani ya miiba, walikuwepo saba. Wamelala, migongo ina theluji, pua zinafuka moshi. Mlinzi alivua kofia.

"Amejuaje?" aliuliza kwa kunong'ona.

Safari hii nilitafsiri kila neno: jua, upepo, kuchunga nguvu, hata uwindaji. Yule mzungu alisikiliza akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi. Tangu tufike nchi ile sikuwahi kuona mtu akimuuliza Baba swali akitaka kweli kujua jibu. Baba alifuta macho, akasingizia upepo. Kisha nikapiga chafya, na kulungu wote saba wakatimka.

"Kwetu ungetulaza njaa, weye," alisema, akanibeba mgongoni hadi kituoni.

Barua ilikuja theluji ilipokwisha. Tulibaki.

Siku hizi Baba anaishi Thamesmead na magoti yake mabovu. Januari hii kulidondoka theluji kidogo, nikawakokota wanangu hadi Epping. Niliwahutubia habari za jua na upepo. Wakanijibu kwa Kiingereza kwamba miguu imeganda na simu zinaisha chaji. Hatukuona hata mkia. Mwishowe nikakuta nyayo safi kabisa, nikazipiga picha kwa fahari, nikamtumia Baba. Jibu lake la sauti lilifika hapo hapo.

"Mwanangu, huyu ni mbwa. Tena mbwa munene."

Wanangu walicheka mpaka wakakaa chini kwenye theluji, na nikacheka nao. Lakini njiani nikielekea treni niliirudia sauti ile mara tatu. Baba alikuwa amenionyesha kila kitu, kidole juu ya alama, na mimi siku ile nzima nilikuwa nikimtazama yeye.