Pula iliyonigharimu mche wa sabuni, Kariakoo

Wakuu, salaam kwenu, wenye gereji na mliojifungia ndani kama mimi.

Kuna kijana humu kauliza anunue pula gani kwa ajili ya gereji yake, na wengi mmemwekea picha za vitu vinavyong'aa. Ngoja nimsimulie yaliyonikuta enzi za Ujamaa. Siongezi chumvi, maana shahidi yuko hapa sebuleni ananichungulia begani.

Kwa wasiojua, pula ni kile kidude cha miguu mitatu yenye ndoano, na bolti ndefu katikati. Unaikumbatisha kwenye gia, unakaza bolti, gia inatoka kwenye shafti bila nyundo.

Mimi nilikuwa fundi wa uani. Gereji yangu ilikuwa nyuma ya chumba tulichopanga Buguruni, na niliipenda kwa sababu ilikuwa karibu na kitanda. Mke wangu, Mama Salma, aliwaambia majirani kwamba nikienda Ilala huwa naaga kama naenda ng'ambo.

Basi Mama Zuhura, mjane mwenye mashine ya kusaga pale mtaani, akaniletea injini yake. Beringi ilikuwa imekufa, na ilikaa nyuma ya gia. Nikafunga pula yangu mpya, inayong'aa, niliyoichagua kwa uzuri wa sura.

Nikakaza. Ka. Mguu mmoja ukakatika. Gia imetoka nusu, imekaa upande.

Mama Zuhura alikuwa amesimama pale pale.

"Fundi, hiyo iliyolia ni yako au yangu?"

"Yangu, mama."

"Afadhali. Ikilia yangu, mimi na watoto tunahamia kwako."

Alisema kwa kutabasamu, lakini hakuwa anatania. Gia kama ile mjini haikuwepo. Nikiigonga nyundo jino likavunjika, mashine imekufa, na ndiyo iliyokuwa inawalisha.

Nikautia mfukoni ule mguu uliovunjika, nikaenda Kariakoo.

Sasa hapa vijana hamtaelewa. Enzi zile ukiona foleni unajipanga kwanza, unauliza baadaye. Miguu ilikuwa inajipeleka yenyewe. Nikaona foleni imetoka duka la ushirika, nikajikuta mkiani.

"Ndugu, wanatoa nini?" nikamuuliza jamaa wa mbele yangu.

"Sijui. Mimi nimemkuta huyu dada."

Dada akageuka. "Na mimi nimewakuta wenzangu. Tulia kaka, utakijua ukikipata."

Ikawa sabuni. Mche mzima. Nyumbani tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, kwa hiyo niliukumbatia kama kichanga.

Ndipo nikakumbuka pula. Nikaingia duka la vyuma la mzee mmoja wa Kiarabu, mtaa wa nyuma.

"Shikamoo mzee. Natafuta pula."

"Marahaba. Umebeba nini hicho?"

"Pula mzee, natafuta pula."

Akaniwekea moja mpya, ndugu kabisa ya ile yangu. Pembeni, kati ya vifaa vyake mwenyewe, kulikuwa na nyingine nyeusi, nzito, imelowa oili.

Nikatoa ule mguu wangu. Palipokatika palikuwa na chembechembe kama sukari guru: chuma cha kumimina, kinachokatika kirahisi. Ile mpya ilikuwa na mshono ubavuni kama wangu, alama ya kalibu kilimomiminwa chuma, na miguu ilicheza kwenye pini zake. Nyeusi haikuwa na mshono. Bolti yake niliizungusha kwa vidole, ikateremka bila kuyumba, ncha ikasimama katikati.

"Naomba hii nyeusi."

"Hiyo siuzi. Chukua mpya, inapendeza."

"Ya kupendeza nilishaioa mzee, ikaniacha na mguu mmoja."

Akacheka, ila macho yalikuwa kwenye sabuni. "Tazama kanzu yangu. Imekuwa rangi ya chai."

Mmeshaelewa.

Nilipofika nyumbani nikaifunga ile nyeusi, nikakaza kidogo kidogo. Gia ikajinyoosha, ikateleza, ikaniangukia mkononi. Meno yote yapo. Mama Zuhura akakaa juu ya gunia, akashusha pumzi.

"Haya fundi. Nimeahirisha kuhamia."

Nikatia beringi nyingine, nikairudisha gia, na jioni mashine ikanguruma mtaani, nami nikahisi mabega yameshuka toka masikioni.

Mama Salma akaja. "Nasikia leo Kariakoo wametoa sabuni. Na umeonekana kwenye foleni."

Nikamwonyesha pula.

Akaitazama weee. Kisha akanisogezea ndoo ya nguo. "Haya, ifulie."

Kwa hiyo kijana, usinunue mng'ao. Ukiona mshono ubavuni iache, tikisa miguu uone kama inacheza, zungusha bolti kwa vidole, na hakikisha ndoano zinapita nyuma ya gia yako. Wengine mwageni uzoefu wenu hapa, nipo ndani kama kawaida.

Pula ninayo hadi leo, haijapinda. Shahidi wangu, Mama Salma, anasema nirekebishe hapo: pula si yangu, ni sabuni yake.